2^127 − 1 inapita kipimo cha Fermat, lakini 2^67 − 1 nayo inapita: tunajuaje ipi ni tasa?

Tarakimu39

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada kuhusu namba 170141183460469231731687303715884105727, yaani 2^127 − 1. Ina tarakimu 39, na inajulikana kuwa ni namba tasa. Kwa kipimo cha Fermat, msingi wa 2, Python inatoa hivi:

```
M = 2**127 - 1
pow(2, M - 1, M)     # jibu: 1
```

Hilo ndilo jibu linalotakiwa kwa namba tasa. Shida ni kwamba ukiweka 67 mahali pa 127 jibu ni 1 vilevile, na 2^67 − 1 si tasa. Hata 2^11 − 1 = 2047 = 23 × 89 inatoa 1.

Kwanza, kwa nini kipimo hiki kinapitisha kila kitu hapa? Pili, mwanahisabati Lucas alithibitisha 2^127 − 1 mwaka 1876, kabla ya kompyuta, kwa hiyo lazima kuna njia fupi kuliko kujaribu vigawo vyote. Ni ipi, na kwa nini tuiamini? Tatu, kwa kuwa hesabu za modulo ya namba hii (yaani kuchukua baki ukigawanya kwayo) ni nyepesi sana, inafaa kutumika kama modulo ya kubadilishana funguo kwa njia ya Diffie na Hellman?

---

Kigawo_Tasa

Nianze na la kwanza, kwa sababu linawanasa wengi na sababu yake ni nzuri kuijua.

Kipimo cha Fermat kinauliza kama 2^(M−1) inaacha baki la 1 ukigawanya kwa M. Sasa angalia M yenyewe: M = 2^p − 1, kwa hiyo 2^p = M + 1, yaani 2^p inaacha baki la 1 papo hapo kabla hujafanya kazi yoyote. Halafu M − 1 = 2^p − 2, na kwa kuwa p ni tasa, Fermat mwenyewe anatuambia 2^p − 2 inagawanyika kwa p. Basi 2^(M−1) ni 2^p iliyozidishwa yenyewe mara kadhaa kamili, na 1 ikizidishwa yenyewe mara yoyote ni 1. Hapo hatujauliza hata kidogo kama M ni tasa. Tumetumia tu kwamba p ni tasa. Kwa hiyo kila namba ya umbo hili yenye kipeo tasa itapita kwa msingi wa 2.

Usidhani kipimo cha Miller na Rabin, ambacho ni kile cha Fermat kilichokazwa zaidi, kitakuokoa ukibaki na msingi huohuo wa 2. Nusu ya M − 1 ni 2^(p−1) − 1, ambayo ni witiri na inagawanyika kwa p pia, kwa hiyo unapata 1 hapo hapo na kipimo kinaridhika. 2047 ndiyo namba ndogo kuliko zote zisizo tasa inayopita kipimo hicho kwa msingi wa 2.

Badilisha msingi uwe 3 na mambo yanabadilika. Kwa 2047, 3^2046 inaacha baki la 1013, si 1. Unaweza kuhakiki kwa mkono: modulo 23 unapata 1, lakini modulo 89 unapata 34, na namba iliyo chini ya 2047 inayotimiza yote mawili ni 1013. Hiyo inatosha kuiondoa 2047 kwenye orodha.

Kumbuka tu kwamba msingi wa 3 nao ni kichujio. Namba ikianguka, si tasa, hakuna mjadala. Ikipita, bado hujathibitisha.

---

mzunguko_wa_biti

Naongeza kuhusu vigawo, maana 2^127 − 1 haiwezi kugawanyika kwa namba yoyote tu.

Tuseme q ni kigawo tasa cha 2^p − 1, p ikiwa tasa na witiri. Vipeo vya 2 modulo q vinajirudia kila baada ya hatua p, na mzunguko huo lazima ugawe q − 1 bila baki. Kwa hiyo q = 2kp + 1. Tena, 2 lazima iwe na kipeuo cha pili modulo q (2^((p+1)/2) ukiizidisha yenyewe inakupa 2), na hilo linawezekana tu q ikiacha baki la 1 au 7 ukigawanya kwa 8.

Kwa p = 127 maana yake ni hii: kila kigawo ni 254k + 1, na k yenyewe lazima iache baki la 0 au 1 ukigawanya kwa 4. Anza kuhesabu: k = 1 inatoa 255, si tasa. k = 4 ni 1017, inagawanyika kwa 9. k = 5 ni 1271 = 31 × 41. k = 8 ni 2033 = 19 × 107. k = 9 ni 2287, na hii ni tasa. Kwa hiyo namba ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 2287. Zote zilizo chini yake huna haja ya kuzigusa.

Huhitaji hata kugawanya ile namba ya tarakimu 39. Panda kwa vipeo 7, 15, 31, 63, 127: kila mara unazidisha namba yenyewe kwa yenyewe, kisha mara 2, kisha unachukua baki la 2287.

2^7 = 128
2^15 → 750
2^31 → 2083, yaani −204
2^63 → 900
2^127 → 804

Kigawo kingetupa 1. Tumepata 804, kwa hiyo 2287 imetoka. Hatua nne tu na karatasi moja inatosha.

Njia hii ni kali sana kwa kukamata vigawo vidogo. 2047 inakamatwa na k = 1 (23) na k = 4 (89). 2^23 − 1 inakamatwa na 47 mara moja. Ile 2^67 − 1 ilikuwa ngumu zaidi: kigawo chake kidogo ni 193707721, yaani k = 1445580 kwenye 134k + 1. Lucas alionyesha kwamba si tasa bila kukijua kigawo chenyewe, na ikabidi kusubiri hadi 1903 Frank Nelson Cole alipotoa 193707721 × 761838257287.

Lakini kwa kuthibitisha 2^127 − 1 njia hii imekwama. Kipeuo cha pili cha namba hiyo ni kama 1.3 × 10^19. Hata baada ya kutupa kila k isiyofaa unabaki na zaidi ya 2.5 × 10^16 za kujaribu. Mashine inayojaribu bilioni moja kila sekunde ingefanya kazi hiyo kwa karibu miezi kumi mfululizo.

---

Tarakimu39

Asanteni sana, la kwanza limeeleweka kabisa. Hapo kwa vigawo nimeelewa pia kwa nini Lucas hakupita huko. Sasa njia yake yenyewe? Na kuna jambo linalohusiana: programu ya Lucas na Lehmer niliyonayo kwa C inatoa jibu kwamba 2^7 − 1 = 127 si tasa, na hilo ni kosa la wazi. Baki linalotoka mwishoni ni 127.

---

Hatua125

Hilo baki la 127 ndilo linaloeleza kosa lote, nitalifikia. Kwanza kipimo chenyewe.

Anza na S = 4. Kila hatua: S mpya = S × S − 2, kisha chukua baki la M. Fanya hivyo mara p − 2. Ukiishia kwenye 0, M ni tasa. Usipoishia kwenye 0, si tasa. Hakuna "huenda" hapa: jibu ni uthibitisho kamili pande zote mbili, mradi p iwe tasa na witiri. (p = 2 haimo, ishughulikie peke yake; 3 ni tasa lakini kipimo kitakuambia sivyo.)

Kwa p = 7, M = 127, hatua tano:

4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0

Hatua ya mwisho: 111 × 111 − 2 = 12319 = 127 × 97. Imekwisha, 127 ni tasa.

Kwa p = 11, M = 2047, hatua tisa:

4 → 14 → 194 → 788 → 701 → 119 → 1877 → 240 → 282 → 1736

Si 0, kwa hiyo 2047 si tasa. Angalia kwamba kipimo hakikutaja 23 wala 89 popote. Ndivyo Lucas alivyoweza kuikataa 2^67 − 1 bila kigawo mkononi.

Kwa p = 127 ni hatua 125. Kwa mkono hiyo ni kazi nzito ya namba za tarakimu 39, lakini inafanyika. Lehmer alikuja baadaye kuusafisha uthibitisho hadi umbo hili tunalolitumia leo. Hadi mwaka 1951 hapakuwa na namba tasa nyingine kubwa kuliko hii iliyojulikana, miaka 75 kamili. Mwaka huo Ferrier alithibitisha (2^148 + 1)/17, yenye tarakimu 44, kwa mashine ya kuhesabia ya mezani.

Kwa nini tuamini? Uthibitisho ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Chukua w = 2 + √3 na v = 2 − √3. Ukizizidisha unapata 4 − 3 = 1. S baada ya hatua k si kitu kingine bali w^(2^k) + v^(2^k). Ukiizidisha yenyewe inatokea ile inayofuata pamoja na 2 ya ziada, ndiyo maana kanuni inatoa 2.

Sasa tuseme baada ya hatua p − 2 tumepata 0 modulo M. Hamisha upande mmoja, zidisha pande zote kwa w^(2^(p−2)), na unabaki na w^(2^(p−1)) = −1. Zidisha yenyewe mara moja zaidi: w^(2^p) = 1. Kwa hiyo mzunguko wa w ni 2^p kamili, hauwezi kuwa mfupi zaidi, kwa sababu katikati yake tulikuta −1.

Tuseme pamoja na hayo M si tasa. Basi ina kigawo tasa q kisichozidi kipeuo cha pili cha M, na yote tuliyosema modulo M yanabaki kweli modulo q. Lakini modulo q, namba za umbo a + b√3 ziko q × q tu, na 0 haiwezi kuwa ndani ya mzunguko. Mzunguko wa w basi hauzidi q² − 1, ambayo ni ndogo kuliko M, ambayo ni ndogo kuliko 2^p. Hilo haliwezekani. Kwa hiyo q hayupo, na M ni tasa.

Kinachofanya yote haya yafanye kazi ni kwamba M + 1 = 2^p. Kwa namba tasa ya kawaida, namba inayoifuata ina vigawo vya kila aina ambavyo huvijui. Hapa ni 2 tupu. Upande wa pili (kwamba M ikiwa tasa lazima tufike 0) unatokana na umbo hilohilo: M inaacha baki la 7 kwa 8, kwa hiyo 2 ina kipeuo cha pili modulo M, na inaacha baki la 1 kwa 3, kwa hiyo 3 haina.

Sasa kosa la programu. Bila shaka unakunja biti badala ya kugawanya, na ndivyo inavyotakiwa: kwa kuwa 2^p inaacha baki la 1, biti zilizo juu ya p unazishusha na kuzijumlisha na zilizo chini. Chukua hiyo 12319. Biti saba za chini ni 31, zilizobaki juu ni 96. 31 + 96 = 127. Si 0! Na haitakuwa 0 kamwe, kwa sababu kukunja namba iliyo kubwa kuliko 0 kunatoa namba iliyo kubwa kuliko 0. Kila kigawe cha M kitakunjwa hadi kiwe M yenyewe, biti zote zikiwa 1, na hapo kitakaa. Kwa hiyo bila sharti la "ikiwa S ni M, ifanye 0", programu yako itakataa kila namba tasa ya Mersenne (yaani ya umbo 2^p − 1) iliyopo, bila kubakiza hata moja.

```
def mersenne_tasa(p):          # p tasa na witiri
    M = (1 << p) - 1
    s = 4
    for _ in range(p - 2):
        s = s*s - 2
        s = (s & M) + (s >> p)
        s = (s & M) + (s >> p)
        if s == M:
            s = 0
    return s == 0
```

Mstari wa kukunja umeandikwa mara mbili makusudi. Mara ya kwanza jumla inaweza kuwa na biti p + 1. Mara ya pili inarudi ndani ya p.

Kuna mtego mwingine ambao Python inaufunika na C haiufuniki. S ikiwa 0 au 1, S × S − 2 ni hasi. Python inakunja namba hasi sawasawa. Kwenye C, ukiwa na namba zisizo na alama, −2 inageuka kuwa namba kubwa sana modulo 2^64 au 2^128, na hiyo si modulo M. Badala ya kutoa 2, jumlisha M − 2, kisha kunja.

---

Kigawo_Tasa

Naunga mkono yote, na nataka kusisitiza jambo moja kwa anayejaribu p = 127. Thamani za mwanzo ni 4, 14, 194, 37634, 1416317954, 2005956546822746114, halafu hatua ya 6 ni 4023861667741036022825635656102100994. Hiyo ya mwisho ina tarakimu 37, bado ni ndogo kuliko M. Maana yake hadi hapo hakuna hata biti moja iliyokunjwa. Programu yenye kosa kwenye kukunja itatoa thamani sahihi kwa hatua zote sita za kwanza, na mtu ataridhika akidhani kosa liko kwingine. Linganisha kuanzia hatua ya 7, ukitumia `%` ya kawaida ya Python kama kipimo.

---

funguo_na_modulo

Mimi nijibu la tatu. Kwa Diffie na Hellman: hapana, usitumie. Sababu ziko mbili, na ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Ya kwanza ni ukubwa. Biti 127 ni chache mno kwa modulo ya aina hii leo. Mifumo iliyo makini inaanzia biti 2048.

Ya pili inatokana na M − 1. Tumeona M + 1 ni 2 tupu. M − 1 nayo ni 2 × (2^63 − 1) × (2^63 + 1), na vipande hivyo vinapasuka vizuri sana:

2^63 − 1 = 7² × 73 × 127 × 337 × 92737 × 649657
2^63 + 1 = 3³ × 19 × 43 × 5419 × 77158673929

Kigawo tasa kikubwa kuliko vyote ni 77158673929. Adui anayetaka kujua kipeo chako cha siri hahitaji kupambana na M nzima. Kwa njia ya Pohlig na Hellman anatafuta baki la siri yako kwa kila kigawo peke yake, kisha anaziunganisha kwa kanuni ya mabaki ya Kichina. Kazi ngumu kuliko zote ni ya hicho kigawo kikubwa, na kwa mbinu ya kuweka jedwali la hatua ndogo na kuruka hatua kubwa, inahitaji jedwali la mistari kama 277,775 na miruko mingi kiasi hicho. Jedwali hilo linaingia ndani ya megabaiti sita hivi. Kompyuta ya kawaida inamaliza kwa sekunde chache.

Na mtu asichague 2 kuwa namba ya kuanzia akidhani ni salama kwa kuwa M ni kubwa: vipeo vya 2 modulo M vinajirudia kila baada ya 127. Siri yote inakuwa moja kati ya 127.

Hiyo haimaanishi namba haina kazi kwenye usimbaji fiche. Kwenye mikunjo ya duaradufu, usalama unategemea idadi ya nukta za mkunjo, na idadi hiyo haina uhusiano na vigawo vya M − 1. Mkunjo wa FourQ, uliochapishwa na Costello na Longa mwaka 2015, umejengwa juu ya 2^127 − 1 makusudi kabisa, kwa ajili ya wepesi wake. Vilevile mkunjo wa P-521 wa NIST (taasisi ya viwango ya Marekani) unatumia 2^521 − 1.

Wepesi wenyewe ni huu. Gawa kila namba vipande viwili: a = a1 × 2^64 + a0. Ukizidisha a kwa b unapata vipande vitatu, na kwa kuwa 2^128 inaacha baki la 2, kipande cha juu a1 × b1 unakizidisha kwa 2 tu na kukishusha. Kipande cha kati, a1 × b0 + a0 × b1, kinaingia ndani ya biti 128 bila kufurika kwa sababu a1 na b1 zina biti 63 tu. Kikate kwenye biti ya 63, si ya 64: sehemu ya juu inashuka kama ilivyo, ya chini inapandishwa biti 64. Halafu usijumlishe vyote vitatu kwa mpigo. a0 × b0 inaweza kukaribia 2^128, ukiongeza kingine biti ya juu inapotea kimyakimya na jibu linakosea mara chache tu, jambo linalofanya kosa kuwa gumu kulinasa. Kunja kila kipande kwanza, kisha kunja tena kila baada ya kujumlisha.

Kipeuo cha pili nacho ni raha tupu. Kwa namba tasa yenye baki la 3 kwa 4, kipeuo cha pili cha a ni a^((M+1)/4). Hapa (M+1)/4 = 2^125, yaani zidisha a yenyewe kwa yenyewe mara 125 na umemaliza, bila kuzidisha kwingine kokote. Mwishoni lazima uhakikishe kwamba jibu likizidishwa lenyewe linarudisha a; nusu ya namba hazina kipeuo, na kanuni itakupa tu kipeuo cha −a bila kukuonya. Jaribu na 2: kipeuo chake ni 2^64, kwa kuwa 2^128 = 2 × 2^127.

---

Tarakimu39

Mmenifungua macho wakuu. Kukunja hadi M badala ya 0 ndilo lilikuwa tatizo, 127 sasa inakubalika. Swali dogo la mwisho: 3, 7, 127 na 2^127 − 1 zinafuatana kwa kupandisha (2^2 − 1, 2^3 − 1, 2^7 − 1, 2^127 − 1). Inayofuata inaweza kupimwa kwa njia hiihii? Na nitajuaje programu ni sahihi zaidi ya 127?

---

Hatua125

Inayofuata haipimiki kwa Lucas na Lehmer. Ingekuwa na tarakimu kama 5.1 × 10^37. Hakuna mahali pa kuiandika, sembuse kuizidisha yenyewe. Kinachowezekana ni kutafuta vigawo tu, na umbo lake linasaidia: kila kigawo lazima kiwe 2k × (2^127 − 1) + 1. Watu wamejaribu k nyingi mno bila kupata kigawo, na swali liko wazi.

Usichukulie mfululizo huo kama kanuni. 2^13 − 1 = 8191 ni tasa, lakini 2^8191 − 1 si tasa. Vilevile kikomo cha namba zenye alama kwenye kompyuta: 2^31 − 1 na 2^127 − 1 ni tasa, lakini 2^63 − 1 inagawanyika kwa 7, kwa kuwa 63 ni kigawe cha 3 na 2^3 − 1 ni 7. Kipeo kikiwa si tasa, namba nayo haiwezi kuwa tasa.

Kwa kuhakiki programu: pitisha p zote tasa kuanzia 3 hadi 127. Zinazotakiwa kutoka ni 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 61, 89, 107 na 127. Orodha ya Mersenne ya mwaka 1644 iliweka 67 na 257 ambazo si tasa, na ikaacha 61, 89 na 107, kwa hiyo ukiona programu yako inatofautiana naye hapo, programu ndiyo iliyo sahihi. Kisha endelea hadi 2300. Zinatakiwa kutoka tano tu: 521, 607, 1279, 2203 na 2281, zilezile alizozipata Robinson kwa kompyuta ya SWAC mwaka 1952. Python inafanya kazi hiyo yote haraka.

Ukitaka kupanda juu ya hapo, kwenye vipeo vya mamilioni, kuzidisha kwa njia ya kawaida kutakushinda. Mradi wa GIMPS, unaotafuta namba tasa za Mersenne kwa kompyuta za watu wa kujitolea, unazidisha kwa njia ya Fourier kwa namba za desimali, na hapo kosa jipya linaingia: kila matokeo lazima yazungushwe hadi namba kamili iliyo karibu, na yakikaribia nusu huna uhakika ni ya juu au ya chini. Kosa moja la biti kwenye hatua yoyote linaharibu zote zinazofuata, na S ya mwisho inatoka kama namba yoyote ile, isiyo 0. Ndiyo sababu siku hizi wanaanza na kipimo cha msingi wa 3 chenye ukaguzi wa Gerbicz, unaogundua kosa njiani, halafu Lucas na Lehmer inatumika kuthibitisha namba iliyopita. Kwa utaratibu huo ndiyo ikapatikana 2^136279841 − 1 mwezi Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320.